Giza la Igombe: kisa cha usiku mmoja wa filamu, rangi na sauti

Saa mbili kasorobo usiku projekta ilijizima yenyewe. Feni ikabaki inavuma, taa nyekundu ikawaka pembeni, na fundi wetu wa sauti akafungua kifuniko cha chujio la hewa kwa ukucha wa kidole gumba. Alitegemea vumbi. Akakuta wadudu, wengi ajabu, wamegandamana kama majani ya chai yaliyobaki kwenye kichujio, na wengine bado wanapepesa mabawa. Akanigeukia: "Kaka, hii si mashine tena, hiki ni kichuguu."

Mbele yetu, ufukweni Igombe, nje kidogo ya mji wa Mwanza, watu mia na ushee walikuwa wamekaa mchangani, watoto mbele, kina mama nyuma wamejitanda kanga hadi mdomoni. Dakika chache kabla walikuwa wanatazama vijana wa Jinja, Uganda, wakicheza kwenye tope. Sasa walikuwa wanatazama tanga la mtumbwi, jeupe, tupu, na sisi watano tukihangaika na bisibisi.

Tangu siku ile kila ninayekutana naye mjini ananiuliza ilikuwaje, na mimi humjibu kwa mkato kwamba wadudu walitushinda. Jibu hilo linatupendelea mno. Wadudu walikuja kwa ratiba yao, ambayo mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kila mtu anaijua. Waliokosea siku ni sisi, na tuliikosea kwa sababu tuliyodhani ni ya kitaalamu.

Tulichotaka

Tamasha la muziki la Nyege Nyege lilianza mwaka 2015 huko Jinja, pale Nile inapotoka ziwani, na walioliasisi ni Arlen Dilsizian na Derek Debru, waliokuwa na makazi yao Kampala. Mwaka uliofuata ikazaliwa lebo ya Nyege Nyege Tapes. Lebo hiyo ndiyo iliyotoa Sounds of Sisso mwaka 2017, mkusanyiko wa singeli kutoka studio moja ya Mburahati, Dar es Salaam, muziki ambao mapigo yake huvuka 200 kwa dakika na ambao wengi wetu huku tuliuchukulia kuwa kelele za vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku. Mwaka huohuo ikatoa nyimbo za Otim Alpha wa Gulu, ngoma za harusi za Kiacholi zilizopikwa upya kwenye kompyuta. Kwa hiyo mwaka 2025 tulipopiga hesabu tukaona miaka 10 imetimia, tukasema na sisi wa upande wa kusini tufanye kitu. Ziwa ni moja. Maji ya hapa Mwanza, yale yasiyokaushwa na jua, hayana mlango mwingine wa kutokea isipokuwa Jinja.

Hatukuwa na fedha ya kuleta msanii yeyote. Tulichokuwa nacho ni rafiki yetu mmoja aliyewahi kwenda, akarudi na simu imejaa video. Kutoka kwenye hizo tukakata filamu ya dakika 22, tena tukaifuta sauti yote kwa makusudi, ili sauti itengenezwe palepale ufukweni. Hilo lilikuwa fungu la kwanza. La pili alilibeba mchoraji wetu, binti wa Kirumba, ambaye angepaka rangi kwenye kingo za tanga huku filamu ikipita katikati. La tatu ni sauti zenyewe: ziwa, jiwe, na vipande vya singeli.

Tanga tulilikodi kwa mwenye mtumbwi mmoja pale Igombe, ukipita uwanja wa ndege. Ni la mifuko ya sandarusi iliyofunuliwa na kushonwa kwa uzi wa nyavu. Limefuliwa na mvua na jua hadi likawa jeupe, ila maandishi ya kiwandani hayajafutika yote. Tulipojaribu picha jioni, kila uso uliofika katikati ya tanga ulikuwa na "KILO 50" kwenye paji. Mchoraji alitukataza kuyafunika maandishi. Alisema kama tungetaka kitambaa kisafi tungebaki hotelini.

Kibali tulikipata bila shida kubwa, kikatutaka tumalize kabla ya saa nne usiku. Sina la kuongeza hapo.

Jina

Hapa lazima nisimame kidogo. Waandaaji wa Jinja hueleza kwamba jina lao linatokana na Kiganda, na maana yake ni ile hamu ya kucheza inayokushika hadi unashindwa kujizuia. Sawa. Lakini msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kujua sisi tunasikia nini. Hata Uganda kwenyewe jina hilo halijapita kimyakimya: mwaka 2018 aliyekuwa Waziri wa Maadili, hayati Simon Lokodo, alitangaza kulizuia tamasha kisha akalegeza, na mwaka 2022 Bunge likaamua lisifanyike, ila baadaye serikali ikaliruhusu kwa masharti. Na huku kwetu, mwaka huohuo wa 2018, BASATA, baraza la sanaa la taifa, ilifungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz uliochezea jina la Nyegezi. Nyegezi ni mtaa wetu, una stendi kubwa ya mabasi. Tangu hapo mtu akiuliza nauli ya kwenda Nyegezi kuna kijana atacheka.

Kwa hiyo kwenye tangazo tuliandika "Muziki wa Jinja kwa picha, rangi na sauti za ziwa", basi. Mzee mmoja wa mtaa aliyesimama kulisoma akatuuliza, "Na tamasha lenyewe la huko linaitwaje?" Tukamjibu ni la Jinja. "Halina jina?" "Lina jina, mzee." Akatutazama mmoja mmoja, akatikisa kichwa na kwenda zake, mabega yakicheka. Alikuwa analijua vizuri tu.

Leo sioni kama tulifanya vibaya. Naona tulifanya kiwoga. Jina lingeandikwa dogo chini, na likaelezwa mbele ya watu kwa dakika mbili, lingeleta vijana ambao hawakuja.

Sauti, kabla ya usiku

Kipaza sauti cha majini kinauzwa ghali, sisi tulikitengeneza. Ndani ya kengele za mlango na saa za ukutani zinazolia kuna kisahani chembamba cha shaba. Ukikipitishia umeme kinalia, na ukikigeuza, yaani ukiunganisha nyaya zake kwenye mixa, kinasikia. Fundi alikichomelea waya wa mita 15, akakifunga ndani ya puto la mtoto, akapaka gundi shingoni na kufungia jiwe ili kizame. Sauti majini hukimbia karibu mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na hufika mbali. Tulipokitumbukiza mchana tulisikia mashine ya mtumbwi ambao kwa macho ulikuwa nukta, na nyuma yake kitu kama mchele unaopepetwa. Mchele huo ni mchanga unaoburutwa na wimbi.

Kisahani cha pili kilikuwa cha jiwe. Watu wa huku wanaulizwa sana habari za miamba lakini ni wachache wanaojua kwamba ipo inayolia. Kule Moru, ndani ya Serengeti, liko jiwe la kugonga ambalo wageni hupelekwa kulitazama, na kisiwa cha Lolui upande wa Uganda kina mengine yaliyotobolewa vishimo kwa kugongwa vizazi na vizazi. Sisi tulizunguka Igombe siku nzima na kokoto mkononi tukibisha hodi. Miamba mingi ni bubu. Jiwe lililokaa chini kwa tumbo lake lote halilii, ardhi inalimeza. Linaloitika ni lile lililokalia lenzake kwa ncha mbili tatu, likabaki na hewa chini. Tulipata moja, la ukubwa wa meza ya kulia chakula. Ukiligonga katikati linasema "ko", ukiligonga pembeni linasema "ti", na ile "ti" inakaa sikioni sekunde nzima.

Ndiyo maana kwenye filamu tuliacha sehemu ndefu ya embaire, marimba makubwa ya Wasoga wa huko Jinja ambayo mbao zake hulazwa juu ya shimo na kupigwa na watu kadhaa kwa pamoja. Shimo ndilo tumbo la ngoma. Jinja wanachimba ardhi ili ilie, Igombe jiwe linalia kwa kuikwepa ardhi. Tulitaka viwili hivyo vikutane kwenye tanga. (Tulijaribu pia kuchimba shimo letu mchangani. Hatua ishirini kutoka majini, kina cha mkono, likajaa maji. Watoto walifurahi.)

Usiku wenyewe

Tulichagua usiku wa tatu baada ya mwezi kuandama. Sababu yetu ilikuwa moja: giza. Projekta inataka giza, kila mtu anajua.

Saa moja na robo tuliwasha jenereta, tuliyoificha nyuma ya miamba ili isiungurume masikioni. Ziwani kulikuwa kumezuka mji mwingine. Taa za mitumbwi ya dagaa, mstari baada ya mstari, zikicheza juu ya maji hadi mwisho wa macho. Mchoraji alisema hakuna tamasha lenye mapambo kama yale, tukakubaliana naye, na hakuna kati yetu aliyejiuliza kila taa ile ina watu wangapi chini yake.

Filamu ikaanza. Fundi alikuwa analeta ziwa polepole kwenye spika, kijana mmoja akigonga jiwe kwa mpini wa nyundo. Kwa dakika tano hivi mambo yalikuwa mazuri kuliko tulivyofanya mazoezi. Kwenye sauti ya majini bibi mmoja aliuliza kwa nguvu kama redio imepoteza stesheni, watu wakacheka, kisha wakanyamaza wakisikiliza. Singeli ilipoingia watoto hawakuhitaji maelezo.

Halafu ule mwale wa projekta ukaanza kuonekana. Mwanzo nilidhani ni moshi wa banda la samaki. Ulikuwa unazidi kunenepa, kijivu, unatambaa. Ukitazama upande wa maji uliona nguzo kama tatu za moshi mweusi kwenye weupe mdogo uliobaki magharibi, zinakuja. Ndani ya dakika chache mwale ule ulikuwa kama gunia lililojaa, picha haifiki kwenye tanga, inaishia njiani juu ya mabawa. Walituingia puani, kwenye mixa, kwenye chai. Hawaumi, hilo niseme. Na mchoraji, ambaye rangi yake ilikuwa ya mafuta na mbichi, akawa anaona samawati yake inageuka majani makavu mbele ya macho yake. Kila alipopaka, wao wakabandika juu.

Ndipo mashine ikajizima kwa joto.

Mama mmoja anayeanika dagaa pale mwaloni alikuja hadi nilipokuwa. Nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu." Akaitikia, halafu akanihamishia kwenye Kiswahili ili nisije nikasingizia sikuelewa. "Mwanangu, nani aliwaambia mje giza?"

Nikamweleza habari ya projekta.

"Giza ni la kazi," akasema. "Waume zetu wako kule," akaonesha taa. "Ngoma tunacheza mbalamwezi, wakiwa nyumbani. Na hawa," akajipangusa wadudu shavuni, "hawa ni wa siku hizi hizi."

Hakungoja nijitetee. Alimtuma mjukuu wake bandani, akarudi na taa ya dagaa ya betri, ile inayofungwa kwenye boya. Wakachomeka kafi mchangani, hatua arobaini upande wa pili, wakaitundika, wakaiwasha. Sisi tukazima kila kilichowaka. Lile wingu likageuka, sikuamini, likatuacha kama watu wanaoacha msiba mmoja kuwahi mwingine.

Na watu nao wakageuka. Walinyanyuka na mikeka yao wakaisogelea taa kwa mduara, kwa umbali wa kutosha, kutazama. Fundi wetu hakuwa na filamu tena lakini jenereta na spika vilikuwa vizima, na Mungu ampe maisha marefu, alichukua maiki akaifunga kwenye kafi chini kidogo ya ile taa. Spika zikatoa mvumo. Si nyuki, si feni. Kitu chembamba chenye pumzi, kinapanda na kushuka. Akachanganya na ziwa. Kijana wa jiwe akarudi kwenye jiwe. Mchoraji akawa amekaa chini, hajui acheke au alie, anapaka bila kutazama. Tuliendelea hivyo hadi saa tatu na nusu.

Wasukuma wana njia yao ya kuamua nani kashinda. Bagika na Bagalu, vyama vyao viwili vya ngoma, wakishindana, kama inavyoonekana kwenye makumbusho ya Bujora wakati wa sikukuu ya Bulabo, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na aliyevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Ndiyo maana kila msimu lazima lizuke jambo jipya: kiinimacho, nyoka, mavazi, wimbo wa matusi. Kwa kanuni hiyo, Igombe tulishindwa kihalali kabisa. Filamu ilikuwa upande wa kushoto, taa upande wa kulia, na miguu ilipiga kura. Ninalitaja pia kwa ajili ya wale wanaoniambia muziki wa majaribio ni mambo ya Wazungu tuliyoyaparamia. Mcheza bugobogobo, ngoma ya majembe, anayejua kwamba umati unaweza kumhama katikati ya wimbo amefanya majaribio mengi kuliko mtu yeyote mwenye kompyuta.

Hesabu tuliyopaswa kuifanya kwanza

Nilifika nyumbani, nikaoga mara mbili, nikakaa na kalamu.

Projekta yetu iliandikwa lumeni 3,000, yaani kiasi cha mwanga inachotoa. Tanga lina upana wa mita 4 na kimo cha mita 3, yaani mita 12 za mraba. Gawanya: kila mita ya mraba inapata lumeni 250, na hiyo ndiyo huitwa lux 250. Sasa mwezi mpevu, uwe utosini, mbingu safi, hutoa kama lux 0.3 tu. Hata tukisema taa ya projekta ya kukodi imechoka na inatoa nusu, bado picha ingeushinda mwezi zaidi ya mara 400. Adui wa projekta ni jua, taa za barabarani na balbu ya duka. Mbalamwezi isingetupunguzia kitu. Tulilinda picha dhidi ya mwanga usioweza kuidhuru, na kwa kufanya hivyo tukajipeleka wenyewe kwenye usiku mbaya kuliko yote ya mwezi.

Mbaya kwa sababu mbili, na zote zinatoka angani kulekule. Dagaa huvutwa na taa, na taa huwa na nguvu kukiwa na giza, kwa hiyo giza likiingia wavuvi wako majini usiku kucha, na mwezi ukipevuka wanapumzika, wanashona nyavu, wanaoa, wananywa. Tulikuwa tumesema tangu mwanzo kwamba onesho ni la wavuvi. Tukaliweka siku ambazo mvuvi pekee wa kuonekana nchi kavu ni mgonjwa.

Ya pili ni wadudu. Wengi wao ni wale ambao wanasayansi huwaita Chaoborus. Viluwiluwi vyao hushinda kwenye tope la chini mchana na kupanda juu usiku kutafuta chakula. Wakishakomaa hutoka majini kwa makundi, hupandana, hutaga, hufa, yote ndani ya siku chache. Watafiti waliofanya kazi upande wa Uganda waliandika tangu miaka ya 1950 kwamba kutoka huko hufuata mwezi, na kilele chake ni siku chache baada ya mwezi kuandama. Usiku wa tatu. Hata kama tungeajiri mtaalamu atutafutie tarehe ya kuharibu shughuli asingetuchagulia bora zaidi.

Yako makosa mengine madogo. Hatukufunika tundu la hewa la projekta hata kwa kipande cha chandarua, rangi ya mafuta haikufaa nje, dakika 22 ni nyingi kwa watoto. Lakini hayo yote yangesameheka mbalamwezi. Na nikiri jambo moja linalonisumbua: zile saa za mwisho, na taa kwenye kafi, zilikuwa bora kuliko tulichokipanga. Sijui niiandikeje kwenye bajeti ijayo.

Asubuhi mwenye mtumbwi alikuja kuchukua tanga lake. Rangi ilikuwa haijakauka, wadudu wamesimama juu yake kama manyoya, na kuku wawili walikuwa wameshaanza kula kona ya chini ya mchoro. Mchoraji alimwomba alinunue. Akakataa, alikuwa na safari ya Ukerewe. Akalitweka kama lilivyo, juu chini, na tukaiona kazi ile ikienda mpaka ikawa kipande cheupe.

Kisahani cha majini tulikisahau. Kiliachwa kule chini kimeungwa kwenye kinasa sauti na betri ya akiba, kikarekodi hadi kadi ilipojaa. Nilikisikiliza chote kwa siku nne. Sehemu kubwa ni ule mchele. Karibu na mwisho, kama saa kumi na moja alfajiri, mashine zinaanza kusikika, moja, kisha tatu, kisha nyingi mno kuhesabu, zinarudi.

Mwezi ulipopevuka tulirudi Igombe bila projekta, fedha zilikuwa zimekwisha, tukiwa na spika na hiyo rekodi tu. Safari hii wanaume walikuwepo. Tukaiwasha. Walikaa kimya kwa mashine tano sita za kwanza, halafu mmoja aliyekuwa nyuma kabisa akasimama na chupa yake mkononi.

"Ngoja, ngoja. Rudisha hapo." Fundi akarudisha. "Hiyo ni yangu. Sikilizeni, plagi moja haichomi. Nimewaambia hawa vijana wiki nzima, wanabisha."